Tukidai bendi zilizovunjika zirudi jukwaani, tudai na mazoezi yake

Fidla Kongwe (Mjini, Unguja)

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa visiwani na wa Bara.

Kila inapokaribia Idi, na kila mwezi wa Februari tamasha la Sauti za Busara linapojaza watu Ngome Kongwe, nalisikia ombi lile lile: fulani na fulani wapatane, kikundi kile kilichovunjika kikusanywe tena, japo kwa usiku mmoja. Watu wa rika langu wanataka kikundi cha taarabu cha East African Melody cha miaka ya 1990 kipande jukwaani na waimbaji wake wa mwanzo. Vijana wanataka kuwaona Aslay, Mbosso, Beka Flavour na Enock Bella wamesimama mstari mmoja kama walivyokuwa katika Yamoto Band, kabla kila mmoja hajashika njia yake. Na tangu Sauti Sol walipoagana na mashabiki wao jijini Nairobi mwezi wa Novemba 2023, wapo hata hapa kwetu wanaouliza watarudi lini.

Siyapingi madai haya, maana na mimi ni katika wanaodai. Lakini naona tunadai nusu ya kitu. Tunadai usiku wa onyesho na hatudai wiki za mazoezi zinazoutangulia. Tunataja majina ya waimbaji na hatuwataji wapigaji. Na kwa kuwa mwandaaji naye husikia kile tu tunachokipigia kelele, hutuletea hicho hicho, tukalipa kiingilio na kurudi nyumbani na moyo mzito.

Nieleze yaliyonikuta. Miaka kadhaa iliyopita, usiku wa Idi pili, ilitangazwa kwamba kikundi kimoja nilichokipenda sana kitarudi baada ya kutengana kwa zaidi ya miaka kumi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu wengi wao wako hai na nawaheshimu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Mke wangu alivaa nguo aliyoishonesha kwa ajili ya usiku ule. Pazia lilipofunguliwa tukawaona waimbaji wote waliobaki, wamependeza, na ukumbi mzima ukasimama kwa vigelegele. Nyuma yao walikuwapo vijana wawili, mmoja na kinanda na mwengine na kompyuta. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, ilikuwapo, ila ilikuwa imelazwa juu ya meza pembeni, imezungushiwa maua, haina mpigaji.

Ulipofika wimbo wa pili, mwimbaji alipoingia kwenye ubeti ambao kila mmoja wetu aliujua kwa moyo, mama mmoja mtu mzima aliinuka safu za nyuma, akaja kwa mwendo wa madaha mpaka mbele, noti ya shilingi elfu kumi ameishika juu kwa vidole viwili. Anayeijua taarabu anajua linalotakiwa hapo. Mwimbaji huurudia mstari ule kwa ajili ya mwenye kutunza, mara mbili, mara tatu, hata mara tano, na wapigaji humwangalia machoni na kumzungushia muziki mpaka mama yule ameridhika, ndipo wote huingia kwenye kiitikio kwa pamoja. Mwimbaji wetu akaurudia mstari kama alivyozoea. Kompyuta haikumngojea. Ilikwenda na kiitikio chake, na sauti zilizorekodiwa miaka ya nyuma zikamfunika, naye akanyamaza katikati ya neno. Yule mama akabaki amesimama na noti yake mkononi, hajui amtunze nani. Mwishowe aliiweka miguuni pa mwimbaji, akageuka kurudi kitini kwake ameinamisha kichwa.

Sikuwalaumu waimbaji, na leo pia siwalaumu. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba walikutana mara moja tu kabla ya onyesho, mchana wa siku ile ile, na kwamba wapigaji wa zamani hawakuitwa kwa sababu bajeti, kama walivyoelezwa, ilikuwa ya "majina".

Jambo hili limewafika hata wakubwa wa dunia. Bendi ya roki ya Uingereza, Led Zeppelin, walivunjika mwaka 1980 baada ya kufariki mpiga ngoma wao, John Bonham. Mwaka 1985 walikubali kupanda pamoja katika tamasha la hisani la Live Aid kule Philadelphia wakiwa na wapiga ngoma wawili wa kuazima, na mmoja wao, Phil Collins, alikuwa ametoka London kwa ndege siku hiyo hiyo, baada ya kutumbuiza huko. Mazoezi ya maana hayakuwapo, sauti ya Robert Plant ilikuwa imechoka, gitaa la Jimmy Page halikukazwa sawasawa, na baadaye wao wenyewe hawakuridhia onyesho lile liingizwe katika mkusanyiko rasmi wa Live Aid. Miaka 22 ikapita. Tarehe 10 Desemba 2007 walirudi katika ukumbi wa O2 jijini London, na safari hii aliyekaa kwenye ngoma alikuwa Jason, mtoto wa marehemu Bonham. Iliripotiwa kwamba maombi ya tiketi yalifika milioni 20 kwa ukumbi unaochukua watu kama elfu ishirini tu. Walijifungia wakafanya mazoezi kwa wiki kadhaa, na Page alipovunjika kidole, tarehe ya kwanza, ambayo ilikuwa 26 Novemba, ikaahirishwa ili asipande na mkono mgonjwa. Watu walikuwa wale wale na nyimbo zile zile, lakini la kwanza walilionea aibu wenyewe, na la pili linasifiwa mpaka leo.

Kwa taarabu haja ya mazoezi ni kubwa zaidi. Kanuni ina nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti, na unyevu wa bahari yetu huzilegeza kabla hujageuza uso. Nilipokuwa kijana ninajifunza fidla, kazi yangu ya mwanzo ilikuwa kumshikia taa mpiga kanuni wa kikundi chetu wakati anakaza nyuzi. Alikuwa akichomeka ufunguo kwenye kigingi, akizungusha kiasi cha unywele, akigusa nyuzi tatu kwa pamoja, akisikiliza, akirudia, kisha akihamia kigingi cha pili, na sisi wa fidla, udi na nai tukimngojea kimya, kwa sababu wote tulichukua sauti kutoka kwake. Muda mrefu ulipita kabla hatujapiga bashraf, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia. Katika muda ule ndimo watu walimozoeana tena, waliokuwa wamekasirikiana mchana wakaanza kuulizana khabari za watoto. Kikundi ambacho wenyewe wametengana miaka kumi hakiwezi kuyaruka hayo na kuingia moja kwa moja kwenye mwangaza wa jukwaa.

Naomba tujadili: tukisema tunataka kikundi fulani kirudi, hasa tunataka nini?

Mtoto wa Ng'ambo

Wa alaykumu salaam, mzee wangu. Nimekusoma mara mbili, na habari ya yule mama na noti yake imeniuma. Hata hivyo nachelea sharti lako lisije likawa kizuizi, kwa sababu kitu ambacho hatunacho ni muda.

Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na watu wangapi leo wanasema laiti wangekwenda kumsikiliza siku ile alipokuwa akiimba hatua chache kutoka kwao? Wazee wengi wa vikundi vya miaka ya nyuma wameshatangulia, na waliobaki wana sukari, wana presha, wana macho yasiyoona vizuri usiku. Tukingoja mpaka kila wimbo ukae sawa, tutakuja kukusanya picha zao ukutani.

Wapenzi wa Beatles walingoja hivyo hivyo. Kundi lile lilivunjika mwaka 1970, na kwa miaka kumi walimwengu walilililia lirudi. Mwaka 1976 mtayarishaji mmoja wa kipindi cha televisheni cha Marekani alisimama mbele ya kamera akawaahidi dola 3,000 wakija kuimba nyimbo tatu. Ilikuwa mzaha wa kipindi, lakini John Lennon alisimulia baadaye kwamba yeye na Paul McCartney walikuwa pamoja New York usiku ule wakiangalia, na nusura wachukue teksi waende. Hawakwenda. Tarehe 8 Desemba 1980 Lennon aliuawa, na mlango ukafungwa moja kwa moja. Nani kati ya wapenzi wao asingelipokea usiku ule wa teksi, hata kama gitaa lingekuwa limelegea?

Tena upande wa pili tazama Oasis, bendi ya Uingereza. Ndugu wawili wa tumbo moja, Noel na Liam Gallagher, waligombana Paris mwezi wa Agosti 2009, wakakaa miaka 15 wakirushiana maneno magazetini, na tarehe 4 Julai 2025 wakapanda jukwaa moja mjini Cardiff. Kama wao wamepatana, sisi ambao ugomvi wetu mara nyingi ni wa watu wa mtaa mmoja na msikiti mmoja tunashindwa nini?

Mimi nimezaliwa mwaka 1994. Taarabu ya miaka ile naijua kwa kaseti za mama, zilizokuwa zikipigwa Ijumaa asubuhi nyumba ikifagiliwa. Ningefurahi kuwaona waimbaji wale mara moja kwa macho yangu, hata usiku ule ukiwa na makosa yake.

Wete Mjini

Nasema kidogo tu kwa upande wa Pemba, kwa sababu mjadala huu kila ukianza huanza na kumalizika Unguja.

Kikundi kikirudi, hurudi Mjini. Mtu wa Wete anayetaka kukiona anahesabu gari hadi Mkoani, boti, pahala pa kulala, chakula, kisha kiingilio, na safari ya kurudi. Akishajumlisha, usiku mmoja wa taarabu umekwisha kula ada ya mtoto. Baadaye tunaletewa vipande vya video vilivyochukuliwa kwa simu, vichwa vya watu vimejaa mbele, na tunaambiwa kwamba wananchi wamepata burudani waliyoidai. Wananchi gani? Tulidai pamoja nao, na kaseti zile zilinunuliwa Chake Chake na Wete kama zilivyonunuliwa Darajani.

Huyo ndugu yangu wa Ng'ambo ameitaja Oasis. Aitaje na bei yake. Tiketi zilipotoka mwaka 2024, watu walikaa saa nyingi kwenye foleni ya intaneti, na walipofika mbele walikuta baadhi ya tiketi za kusimama zimepandishwa hadi zaidi ya pauni 350, kwa kisingizio kwamba wanaozitaka ni wengi. Malalamiko yalikuwa makubwa hata mamlaka ya ushindani ya Uingereza ikafungua uchunguzi. Kilio cha mashabiki kilikuwa kimegeuzwa kuwa kipimo cha bei. Tukilia sana bila ya kusema tunataka kiingilio gani na wapi, na sisi tutapimwa hivyo hivyo.

Uwanja wa Gombani upo. Kumbi za skuli zipo.

Bibi wa Kikwajuni

Wanangu, nimesomewa mazungumzo haya na mjukuu wangu na nimemwomba aniandikie.

Mimi niliitikia katika kikundi kwa miaka minane. Tulikuwa wanawake sita wa kuitikia, tunavaa sare moja, tunakaa mstari wa nyuma, na nyimbo zote mnazozipenda kiitikio chake ni sauti zetu. Kila ninaposikia watu wanadai kikundi kirudi, majina yanayotajwa ni matatu, manne. Sijapata kusikia mtu akisema wale wanawake sita nao watafutwe.

Jengine ambalo hamulijui ni namna vikundi vinavyovunjika. Redioni walisema waimbaji wetu wawili waligombania nafasi. Si kweli. Walikuwa wakipikiana futari. Kilichotuvunja ni mgawo wa tuzo. Fedha zilikuwa zikitupwa jukwaani usiku, zinakusanywa kwenye ndoo, na aliyehesabu ndoo hakuwa mmoja wetu. Asubuhi tukiambiwa kilichopatikana, tunatazamana, kwa sababu macho yetu yaliona zaidi. Tulivumilia, tukauliza kwa adabu, tukauliza tena. Siku moja tulifika mazoezini tukakuta mlango una kufuli mpya. Hakuna aliyetuita kutuambia. Kwa hiyo anayetaka kuturudisha jukwaani aanze kwenye ndoo ile. Asianze kwa kutupatanisha sisi, maana sisi hatujakosana.

Na la tatu, ambalo ndilo zito kwangu. Katika wenzetu yupo aliyetubia, akajaaliwa kuhiji, na sasa anasomesha watoto Kurani barazani kwake. Kila Idi vijana wanampigia simu, wengine wanamwahidi fedha, wengine wanamwambia anawanyima watu haki yao. Haki gani hiyo? Mwaka 2016 Mzee Yusuf, aliyeasisi kikundi cha taarabu cha Jahazi, alipotangaza kwamba anaacha muziki ashughulikie ibada, na aliporudi baadaye, mara zote mbili uamuzi ulikuwa wake. Mjukuu wangu ameniambia pia habari ya wale Waswidi, ABBA, kwamba mwaka 2000 walikataa fedha zilizotajwa kufika dola bilioni moja ili wazunguke ulimwengu kwa maonyesho mia moja, na uamuzi huo nao ulikuwa wao. Mtu akisema hapana, iheshimuni hapana yake kama mlivyoipenda sauti yake.

Mwanafunzi wa Kanuni (Jang'ombe)

Shikamoo Bibi, shikamoo mzee Fidla.

Mimi ni miongoni mwa wanaojifunza kanuni, na nimepita katika chuo chetu cha muziki cha DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002, ambacho kimewasomesha vijana wengi wa hapa ala ambazo zilikuwa zinaanza kukosa wapigaji. Nimejifunza kwamba swali la nani akae pahala pa aliyeondoka lina majibu zaidi ya moja, na wenzetu wameshayajaribu.

Katika vikundi vyetu vya taarabu, Ikhwani Safaa ipo tangu mwaka 1905, na Culture Musical Club tangu 1958. Waanzilishi wa Ikhwani Safaa wamekufa wote, na hakuna anayedai irudi, kwa sababu haikuondoka. Kile ni chama. Mpiga udi akifa, mwanafunzi wake hukaa kitini pake, na nyimbo zinaendelea. Vikundi vilivyokuja baadaye vilijengwa juu ya nyota wawili watatu na kinanda, kwa hiyo nyota akiondoka kikundi kinaondoka naye. Huu si ukosoaji wa muziki wao, kwani naupenda, ila ndiyo sababu ya kilio chetu cha leo.

Bendi ya Queen nayo inatuhusu, kwa kuwa mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa hapa Mji Mkongwe mwaka 1946, akipewa jina la Farrokh Bulsara, na wageni wanaokuja Shangani kuitembelea nyumba ya makumbusho yake hawaishi. Alipofariki tarehe 24 Novemba 1991, wenzake hawakumtafuta mtu wa kumwigiza. Tarehe 20 Aprili 1992 walijaza uwanja wa Wembley, wakawaalika waimbaji mbalimbali, kila mmoja akaimba wimbo wake kwa sauti yake. Miaka ya baadaye Brian May na Roger Taylor walipoanza kuzunguka tena, John Deacon akiwa ameshajiondoa, jina la mwimbaji mgeni liliandikwa wazi pembeni ya jina la Queen, kwanza Paul Rodgers, kisha Adam Lambert. Aliyenunua tiketi alijua anachokinunua. Bango la onyesho alilolisimulia mzee lingeandikwa ukweli kwamba waimbaji ni wale na wapigaji ni kompyuta, huenda wengi tungebaki nyumbani, na huenda mwandaaji angelazimika kuwatafuta wapigaji.

Hata hao ABBA, walipofungua onyesho lao London mwezi wa Mei 2022, jukwaani walionekana kwa picha za kidijitali zilizowarudisha ujana, na wao wenyewe hawakutumbuiza. Pamoja na hivyo, waliweka wanamuziki kumi walio hai wapige kila usiku. Walijua kwamba picha inaweza kumdanganya mtazamaji, lakini ngoma ikipigwa na mtu, kifua kinaijua.

Tatizo langu mimi ni jengine. Vijana tuko tayari kujaza viti vilivyo wazi, lakini tunajaza na nini? Nyimbo nyingi za vikundi vile hazikuandikwa noti. Nimejaribu kuuandika wimbo mmoja kwa kuisikiliza kaseti usiku kwa usiku. Sauti ya mwimbaji ninayo, kanuni ninayo, fidla ya kwanza ninayo. Fidla ya pili haisikiki, imezama chini ya kinanda. Aliyeipiga yu hai, nimeambiwa, lakini sijui nianzie wapi kumwendea.

Fidla Kongwe (Mjini, Unguja)

Nawashukuru nyote. Mumenirekebisha pahala pengi.

Mtoto wa Ng'ambo, umesema kweli kuhusu muda, na hapo ndipo ninapoona hatupingani. Ninyi mnahofia kwamba mazoezi yatachelewesha onyesho. Mimi nasema tuanze na mazoezi sasa hivi, hata kama onyesho halijapangwa. Mzee mwenye sukari hawezi kusimama jukwaani mpaka saa saba za usiku, lakini anaweza kukaa barazani baada ya laasiri saa moja na nusu akapiga nyimbo mbili na kunywa chai yake ya tangawizi. Ukitaka kuwaona kwa macho yako, njoo uwaone hapo. Mazoezi ya wazi yenye kiingilio kidogo yatawapa wapigaji nauli, yatatupa sisi nyimbo, na ikiwa Mwenyezi Mungu ataandika kwamba onyesho lisifanyike, hatutakuwa tumekosa vyote.

Ndugu wa Wete, onyesho la kwanza lifanyike Chake Chake. Nasema la kwanza kwa makusudi, kwa sababu ziara ikianzia Mjini, Pemba huambiwa fedha zimekwisha.

Bibi yangu, maneno yako nimeyasoma kwa sauti mbele ya mke wangu na sote tulinyamaza. Aliyetubia asipigiwe simu tena. Na tunaoandika hapa tuwe wa mwanzo kuwakanya wenzetu. Kuhusu ndoo, nakubaliana nawe kwamba hapo ndipo pa kuanzia. Kabla ya kupanga hata wimbo mmoja, iandikwe karatasini kila mtu anapata nini katika kiingilio na katika tuzo, waitikiaji na wapiga dumbaki wakiwamo, na tuzo zihesabiwe mbele ya watu watatu waliochaguliwa na wasanii wenyewe. Waandishi wa mashairi na watunzi wa muziki, au warithi wao, wafikiwe kupitia COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na kwa wale wa Bara kupitia mwenzake COSOTA, wasije wakasikia nyimbo zao mtaani kama sisi sote.

Lipo na suala la jina. Roger Waters alipojitoa katika bendi ya Pink Floyd miaka ya 1980, yeye na David Gilmour walifikishana mbele ya mawakili juu ya nani ana haki ya kulitumia jina lile, na walisuluhishana mwishoni mwa 1987. Ilichukua mpaka tarehe 2 Julai 2005, katika tamasha la Live 8, kwa wanamuziki wanne wa bendi ile kusimama pamoja tena. Huku kwetu kundi la muziki la TMK Wanaume walipogawanyika, tukapata Wanaume Family na Wanaume Halisi, kila upande na jina lake, na mashabiki wakagawanyika nao. Kikundi kinachotaka kurudi kiulizane mapema jina ni la nani: la aliyenunua vyombo, la aliyetunga nyimbo, au la wote. Nimeona watu waliokuwa wameshapatana wakikosana upya juu ya herufi za kwenye bango.

Kwa hiyo barua tutakayowaandikia waandaaji, na nakala yake kwa BASSFU, baraza linalosimamia sanaa Zanzibar, naiona na mambo haya: wiki nne za mazoezi yanayolipwa, wapigaji wa ala za asili wasiopungua wanane, waitikiaji wa zamani waalikwe kwa majina yao, bango liseme nani yupo na nani hayupo, kiingilio kitangazwe mapema na kisibadilishwe, na Pemba iwe mwanzo. Mwenye kutaka kuongeza au kupunguza aseme. Tukifika watu mia mbili tulioahidi kununua tiketi kwa masharti hayo, mwandaaji yeyote mwenye hesabu atatusikiliza.

Sasa nije kwako, Mwanafunzi. Jana baada ya laasiri nilikwenda kwa yule mpiga fidla ya pili. Anakaa si mbali na kwako. Fidla yake aliitoa chini ya kitanda, imefungwa kwa kanga. Nyuzi mbili hazipo, na upinde umebaki na unywele haba, kama ndevu za mzee. Nilimpa fidla yangu. Mwanzo vidole havikumtii, akawa anaiminya shingo ya fidla na kuitazama tu. Nikamwimbia ubeti wa kwanza wa wimbo ule unaouandika. Alifumba macho, akaingia pale pale fidla ya pili ilipokuwa ikiingia, nusu pigo nyuma ya ile ya kwanza, akapiga mpaka mwisho bila ya kukosea. Kisha akaniambia kwamba tangu kikundi kivunjike hajapata kuulizwa na mtu.

Anakungojea Jumamosi saa kumi za jioni. Chukua kalamu na karatasi, na kama unazo, chukua nyuzi mbili za fidla, ya tatu na ya nne. Na yeyote mwenye kaseti za maonyesho ya miaka ile, hasa zile zilizorekodiwa na watu ukumbini kwa redio zao za mkononi, azilete tuzinakili kabla utepe haujaganda, kwa sababu nyimbo tatu kati ya zile tulizozikumbuka jana hatukuweza kuzimaliza.